Mpira wa kriketi sio uleule kila nchi

Kuna watu wanabisha kabisa eti Kookaburra ndo wanatengeneza mipira yote ya kriketi, kwa hiyo bowla (yule anayerusha mpira) akichemka ugenini basi kiwango kimeshuka. Hapana aisee. Kwa mipira myeupe, ile ya mechi za kimataifa za ovari 50 na T20 (ovari 20), ovari moja ni mipira 6 inayorushwa, hapo sawa, ni Kookaburra wa Australia, kampuni ipo tangu 1890. Ila kwenye Test, zile mechi ndefu za siku hadi tano, mwenyeji ndo anachagua, Uingereza na West Indies wanatumia mipira ya kampuni ya Dukes, India wanatumia ya SG, Australia na Afrika Kusini ndo Kookaburra.

Sasa utamu uko kwenye mshono. Dukes safu zote 6 za uzi zinashonwa kwa mkono, ukipitisha kidole unausikia umeinuka, na unakaa hivyo muda mrefu, mpira unaendelea kupinda hewani. Kookaburra safu 2 tu za katikati ndo za mkono, zingine mashine, so ukishapigwapigwa ovari 20 hivi mshono unalala na wapigaji wanaanza kujilia raha. Uzito ni uleule kisheria, gramu 156 hadi 163, lakini bowla anajua kashika nini. Mi nikiona takwimu za bowla naangaliaga kwanza alicheza wapi.