Waleti ya kripto: maana yake, na kwa nini maneno 12 ndiyo mali yenyewe

Waleti ya kripto haina sarafu ndani. Sarafu zimeandikwa kwenye blokcheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Kinachokaa kwenye waleti ni ufunguo wa siri: namba ndefu mno inayothibitisha kwamba wewe ndiye mwenye haki ya kuhamisha salio fulani. Aliye na ufunguo ndiye mwenye mali. Laini ya simu ikipotea, unakwenda na kitambulisho, unarudishiwa namba yako na salio la M-Pesa linakusubiri. Kwenye waleti yako mwenyewe hakuna duka wala ofisi ya kukimbilia.

Akaunti ya soko la kripto ni jambo jingine, kwa sababu huko ufunguo unashikwa na kampuni. Wateja wa soko la FTX walilijua hilo Novemba 2022, kampuni ilipofilisika na fedha zao zikakwama. Hapa tunazungumzia waleti ambayo ufunguo ni wako.

Pakua programu kupitia tovuti rasmi ya watengenezaji, kisha chagua kufungua waleti mpya. Utaonyeshwa maneno 12, au 24. Hayo ndiyo ufunguo wako kwa umbo la kusomeka. Yanachotwa kwa kubahatisha kwenye orodha ya maneno 2048, kwa kanuni ya BIP39 ya mwaka 2013. Programu ikikupa maneno yaliyokwisha kuchapishwa kwenye kadi, au mtu akikuletea yake, achana nayo: aliyeyaandaa anayo nakala.

Orodha hiyo haina toleo la Kiswahili, kwa hiyo kwa kawaida utapewa maneno ya Kiingereza. Yaandike herufi kwa herufi, usiyatafsiri. Ukiandika "gari", baadaye hutajua kama lilikuwa "car" au "vehicle", na yote mawili yamo kwenye orodha. Herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha neno na jingine, basi hizo hasa zisomeke vizuri. Weka namba 1 hadi 12, maana mpangilio ni sehemu ya ufunguo. Neno la mwisho limebeba alama ya uhakiki, ndiyo maana ukikosea mpangilio programu mara nyingi inakataa. Lakini kwa maneno 12, takriban mara moja katika 16 mpangilio mbaya hupita na kufungua waleti nyingine, tupu kabisa. Mtu akiona sifuri anadhani ameibiwa, kumbe amebadilisha nafasi za maneno mawili.

Andika kwa peni kwenye karatasi, nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Usipige picha. Simu nyingi hupeleka picha Google Photos au iCloud zenyewe, na atakayeingia kwenye barua pepe yako atazikuta. Usijitumie WhatsApp pia.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka: kabla hujaweka hata senti, nakili pembeni anwani yako (mfuatano wa herufi na tarakimu wa kupokelea sarafu), futa programu, isakinishe upya, rejesha waleti kwa maneno uliyoandika. Anwani ikitokea ile ile, karatasi yako ni nzima. Kosa likiwepo, limekugharimu dakika kumi tu.

Kwenye kutuma, hasara nyingi hutokana na mtandao, yaani blokcheni ambayo sarafu inapitia. USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola ya Marekani, ipo kwenye mitandao kadhaa. Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi na tarakimu 34. Ya Ethereum huanza na 0x na ina 42. Hizo ni rahisi kuzitofautisha. Hatari zaidi ni mitandao inayotumia anwani za aina moja, kama Ethereum na BNB Chain: programu haitakuonya, muamala utakamilika, ila soko la mpokeaji huenda halipokei kwa mtandao huo. Muulize mpokeaji mtandao kwanza, tuma kiasi kidogo, subiri athibitishe, ndipo utume kilichobaki. Muamala ukishakamilika haurudishwi.

Ada hulipwa kwa sarafu ya mtandao husika. Kwa kawaida ukiwa na USDT kwenye Tron bila TRX, sarafu ya Tron yenyewe, hata kidogo, unaziona lakini huwezi kuzitoa. Matapeli wamelifanya hilo kuwa mtego: wanakupa maneno ya waleti yenye USDT, wakiomba msaada wa kuzitoa. Ukituma TRX ya ada, inaondoka; USDT haitoki, kwa sababu ruhusa ya kusaini iko kwa ufunguo mwingine.

Usinakili anwani kutoka kwenye orodha ya miamala iliyopita. Kuna wanaotuma miamala ya sifuri kwa kutumia anwani zinazofanana na ya rafiki yako mwanzo na mwisho, wakingoja unakili yao. Ichukue kwa mpokeaji kila mara, na baada ya kubandika soma hata herufi za katikati.

PIN inafunga programu kwenye simu hiyo tu. Aliyeyaona maneno yako atafungua waleti kwenye simu yake bila kuihitaji PIN, na maneno ya waleti hayabadilishwi. Yakionekana na mtu, au ukiyajaza kwenye tovuti iliyojiita huduma kwa wateja, fungua waleti mpya yenye maneno mapya na uhamishe kila kitu papo hapo.