Bazar-Korgon: dhana potofu na ukweli kuhusu wilaya ya Wakirgizi na Wauzbeki

Wilaya ya Bazar-Korgon iko kusini mwa Kirgizia, katika mkoa wa Jalal-Abad, pale Bonde la Fergana linapokoma na milima kuanza kupanda. Wakazi wake wengi ni Wakirgizi na Wauzbeki. Msomaji wa mbali hukutana na jina lake kwa sababu mbili tu, ama msitu wa jozi wa kijiji cha Arslanbob, ama machafuko ya mwaka 2010 kati ya Wakirgizi na Wauzbeki, na kwa kuwa habari zenyewe ni chache, zinazobaki kichwani ni nyepesi na nyingi si sahihi. (Jozi ninayoitaja hapa ni lile kokwa gumu lenye kiini kilichokunjamana kama ubongo, wala si jozi ya viatu.)

Dhana inayozaa nyingine nyingi ni ile isemayo kwamba Kirgizia ni ya Wakirgizi na Uzbekistani ni ya Wauzbeki, kwa hiyo Mwuzbeki anayeishi Bazar-Korgon lazima yeye au babu yake alihamia huko kutoka ng'ambo ya mpaka. Ukweli ni kwamba mpaka ndio uliowakuta watu. Kabla ya mwaka 1924, serikali ya Kisovyeti ilipoanza kuigawa Asia ya Kati katika jamhuri na majimbo kwa kufuata makabila, hapakuwa na mstari wa kitaifa uliolikata Bonde la Fergana. Wakulima na wafanyabiashara wa bondeni waliitwa Wasarti, wafugaji walijulikana kwa koo zao, na mtu aliulizwa kwao ni wapi kabla ya kuulizwa taifa lake. Baadaye jina la Wasarti liliondolewa katika hesabu za serikali, na wengi wao wakaandikwa kuwa Wauzbeki. Kirgizia yenyewe ilipata hadhi ya jamhuri kamili ya Kisovyeti mwaka 1936, na mstari ambao watu waliuvuka kwenda sokoni au harusini bila kuonyesha karatasi yoyote uligeuka kuwa mpaka wa dola mbili mwaka 1991. Wauzbeki wa Kirgizia ndio jamii ya pili kwa ukubwa nchini, nao ni raia kama wengine.

Wapo wanaochora mstari mwingine, mara hii kwa kufuata mwinuko wa ardhi: Mkirgizi yuko mlimani na farasi wake na hema la sufu, Mwuzbeki yuko bondeni na jembe lake. Picha hiyo ina chembe ya historia, lakini ukiipeleka Bazar-Korgon inapinduka. Arslanbob, kijiji kilicho kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 chini ya mlima Babash-Ata unaozidi mita 4,000, karibu wakazi wake wote ni Wauzbeki. Katika sehemu ya chini ya wilaya, ambako kiangazi ni cha joto kali na mashamba hutegemea mifereji, Wakirgizi wengi wanalima pamba, mahindi na mboga, kazi ambayo wazee wao walisukumwa kwayo hasa na mashamba ya pamoja ya miaka ya 1930. Hata ng'ombe hawaufuati mstari huo. Familia za Kiuzbeki zenye ng'ombe wachache huwakabidhi kwa wachungaji, mara nyingi Wakirgizi, ambao huwapandisha katika malisho ya juu yaitwayo jailoo wakati wa joto na kuwashusha baridi inapokaribia.

Kuhusu dini na lugha hakuna haja ya maneno mengi. Jamii zote mbili ni Waislamu wa Sunni wa madhehebu ya Hanafi, na lugha zote mbili ni za jamii moja kubwa ya lugha za Kituruki, ingawa ni za matawi tofauti. Jirani anamwelewa jirani bila mkalimani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Uzbekistani ilipitisha sheria ya kuhamia herufi za Kilatini mwaka 1993, ilhali Wauzbeki wa Kirgizia wameendelea kutumia herufi za Kisirili, yaani za aina ya Kirusi, zile zile wanazotumia majirani zao Wakirgizi.

Je, kwa nini basi damu ilimwagika? Jibu linalopendwa ni kwamba hizi ni chuki za kale zisizo na dawa. Jibu hilo linawaondolea wahusika lawama na halilingani na mambo yalivyotokea. Ghasia za Juni 1990, zilizoenea katika miji ya Osh na Uzgen kusini mwa nchi, zilianzia kwenye ugomvi wa ardhi ya shamba la pamoja iliyotengwa kwa ajili ya kujenga nyumba. Zile za Juni 2010 zilizuka miezi miwili baada ya Rais Kurmanbek Bakiyev kupinduliwa, dola ikiwa haina nguvu na wanasiasa wakigombea watu wa kusini. Tume ya kimataifa ya uchunguzi ilihesabu vifo takriban 470, wengi wa waliokufa wakiwa Wauzbeki. Katika mji wa Bazar-Korgon polisi mmoja aliuawa, na mtetezi wa haki za binadamu Azimjon Askarov, Mwuzbeki wa hapo hapo, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa hilo. Mwaka 2016 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaka aachiliwe, ikisema aliteswa na hakupata kesi ya haki. Alifia gerezani Julai 2020.

Zimebaki hadithi za msitu, na hapa hata wenyeji huchangia kwa furaha. Inasimuliwa kwamba Aleksanda Mkuu alizichukua jozi Arslanbob akazipeleka Ugiriki, ndiyo maana Warusi huziita kokwa za Kigiriki. Aleksanda alifika kweli kwenye mlango wa magharibi wa bonde hili mwaka 329 kabla ya Kristo, akaanzisha mji palipo Khujand ya leo nchini Tajikistani, lakini hakuna ushahidi kwamba alipanda hadi Arslanbob. Tena Wagiriki wenyewe waliziita kokwa za Kiajemi.

Dhana nyingine ni kwamba msitu huo, unaotajwa kuwa mkubwa kuliko misitu yote ya asili ya mijozi duniani, ni pori lisiloguswa. Uchunguzi wa chavua ya kale iliyohifadhiwa ardhini unaelekeza kuwa mijozi ilitanda huko katika miaka elfu moja au mbili iliyopita tu, huenda kwa mkono wa binadamu. Leo ardhi ni ya serikali, na familia hukodi vipande kutoka idara ya misitu. Septemba na Oktoba wengi huhamia msituni na mahema, vijana hupanda juu kutikisa matawi, na viganja vya waokotaji hubaki vyeusi kwa maganda mabichi kwa wiki kadhaa. Baridi ikirudi ghafla wakati wa maua, mwaka huo hakuna mavuno. Wageni hudhani adui wa msitu ni shoka, lakini chini ya miti mikubwa kuna nyasi zinazokatwa kuwa chakula cha mifugo na ng'ombe wanaolishwa, na mche wa mjozi unaochipua hapo ni nadra kufika urefu wa goti.