Avangadi si kupiga ovyo

Wiki hii nimelisikia tena. Saksafoni inaruka ghafla kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu, na msikilizaji anasema: "Hiyo ndiyo avangadi, wanapiga chochote tu." Linaniuma, maana mara nyingi anayesemwa hivyo ni Eric Dolphy, mpulizaji wa saksafoni, filimbi na klarineti ya besi, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1928.

Kwa kifupi, jazi ya avangadi ni ile iliyovuka mipaka iliyozoeleka ya melodia, mapigo na upatanifu wa sauti, hasa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950.

Neno lenyewe lilitoka jeshini. Kwa Kifaransa, avant ni mbele na garde ni walinzi: kikosi kinachotangulia jeshi kupeleleza njia. Katika karne ya 19 Wafaransa wakawapa jina hilo wasanii. Hata jina la ukumbi wa Village Vanguard kule New York, ambako Dolphy alipiga na mpulizaji mwenzake wa saksafoni, John Coltrane, Novemba 1961, lina asili hiyo hiyo. Sasa tazama picha iliyomo ndani ya neno. Kikosi cha mbele hakijaasi jeshi. Kinakwenda kule kule wanakokwenda wenzao, ila kimewatangulia. Askari aliyepotea porini hahesabiwi humo.

Kinachochanganya watu ni jazi huru, ambayo ni tawi moja tu la avangadi. Mpulizaji wa saksafoni Ornette Coleman aliacha kufuata mfuatano wa sauti anazoshika mpiga piano. Melodia ndiyo ikaongoza. Tarehe 21 Desemba 1960 alirekodi albamu ya Free Jazz kwa makundi mawili ya watu wanne wanne yakipiga kwa pamoja, na Dolphy alikuwemo na klarineti yake ya besi. Basi akatiwa kapu hilo moja kwa moja. Lakini siku hiyo hiyo, tarehe hiyo hiyo, Dolphy aliingia studio nyingine kurekodi albamu yake mwenyewe, Far Cry, yenye nyimbo za kumuenzi Charlie Parker, mwalimu wa wote waliopiga saksafoni ya alto baada yake. Mwenyewe alieleza kwamba kila noti aliyopiga ilikuwa na uhusiano na sauti za msingi za wimbo. Sikio lake lilisikia uhusiano wa mbali zaidi kuliko letu, basi.

Alifariki Berlin tarehe 29 Juni 1964, akiwa na miaka 36, kwa kisukari ambacho hakikuwa kimegunduliwa. Wiki chache kabla, tarehe 2 Juni, alipiga na kurekodiwa Hilversum, Uholanzi, na katika rekodi hiyo mna wimbo wa kale wa mapenzi, You Don't Know What Love Is, kwa filimbi. Usikilize taratibu kabla ya kusema "chochote tu". Filimbi inakwenda mbali kweli, lakini ule wimbo wa kale haupotei.