Je, wajua kwa nini spika kubwa za bei ghali hulia ovyo kwenye chumba kidogo?

Mtu ananunua spika mbili za kusimama sakafuni, kila moja na wufa (koni za besi) mbili za inchi 6.5, na karatasi yake inasema inashuka hadi Hz 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde. Dukani zilimpendeza. Akizifungua nyumbani, kwenye chumba cha mita 3 kwa 4, besi inavuma mfululizo na sauti ya mwimbaji inazama humo. Anamlaumu fundi, anabadilisha waya, ananunua amplifaya nyingine. Spika hazina kosa, kinachovuma ni chumba.

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, utapata masafa (idadi ya mitetemo, Hz) ambayo wimbi lake linakwenda ukutani, linarudi, na kukutana na wenzake likiwa sambamba nao, kwa hiyo linazidi nguvu. Mita 4 zinatoa Hz 43. Mita 3 zinatoa Hz 57, na dari ya mita 2.7 inatoa kama Hz 64. Sasa chukua gitaa la besi: uzi wake mnene kabisa, E, ni Hz 41, na unaofuata, A, ni Hz 55. Noti za jirani na hizo mbili zinavimba na kuchelewa kunyamaza, huku nyingine zikipita kimya kimya. Spika inayoshuka hadi Hz 30 inayachochea masafa yote hayo kwa nguvu. Ile inayoanza kufifia kwenye Hz 60 inayachochea kidogo.

Nyumba zetu za bloku zilizopigwa plasta zinazidisha tatizo. Ukuta wa mbao au wa jipsamu hutikisika na kumeza sehemu ya besi, ila ukuta wa bloku huirudisha karibu yote. Ndiyo maana spika inayosifiwa na mtu anayeishi kwenye nyumba ya mbao kule Marekani inaweza kukukera hapa. Kibaya kuliko vyote ni chumba cha futi 10 kwa 10, maana urefu na upana vyote vinaangukia Hz 56, na mavimbe mawili yanapandana.

Kwa chumba cha namna hiyo, fedha zako ziende kwenye spika ndogo iliyotengenezwa vizuri sana, si kwenye spika kubwa ya wastani. Mfano maarufu ni LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 ili mafundi wasikilizie ndani ya magari ya matangazo ya nje. Kimo chake ni sentimita 30 tu, na kasha lake limefungwa pande zote. Kufungwa huko kuna maana: kasha funge hupoteza besi taratibu, desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktavu, yaani kila Hz zinaposhuka nusu, ilhali lenye tundu la kutolea hewa hupoteza 24 baada ya kulia kwa nguvu hadi karibu na mwisho wa besi yake. Chumba kidogo nacho huongeza besi ya chini, hivyo upungufu wa kasha funge unafidiwa bila kelele. Ukipenda spika yenye tundu nyuma, hakikisha kuna nafasi nyuma yake, na uwe tayari kuliziba kwa kipande cha sponji.

Umbali nao unachagua spika. Spika ndefu yenye wufa, koni ya sauti za kati na twita (ya sauti za juu) zilizopangana wima huhitaji kama mita 2.5 au zaidi kabla sauti zao hazijaungana masikioni. Ukikaa mita 1.7, utasikia twita juu na besi chini, kila moja kivyake. Kwa ukaribu huo, spika ya njia mbili, yaani wufa na twita tu, inatosha. Zile ambazo twita imekaa katikati ya wufa, kama KEF LS50, zinafaa zaidi.

Wati zisikuhangaishe. Spika ya desibeli 85 kwa wati 1, ukiwa mita 2, hufika sauti kubwa kwa amplifaya ya wati 50. Kinachohitaji uangalifu ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme: spika ya omu 4 huchemsha amplifaya iliyoandikwa kuwa ni ya omu 8 na kuendelea. Kwa wanaoishi pwani, kagua pia ukingo unaoshika koni ya wufa. Wa mpira hudumu, wa sponji huoza, na unyevu unauwahisha.

Kuzipanga ni nusu ya kazi. Stendi za sentimita 60 hufikisha twita nyingi usawa wa masikio ya aliyeketi. Umbali kati ya spika mbili uwe sawa na umbali wako kutoka kila moja, muwe pembetatu. Kiti kisiwe katikati kabisa ya urefu wa chumba, ambako Hz 43 inatoweka, wala kisiegemee ukuta, ambako inalundikana. Kwenye mita 4, anza na mita 1.5 kutoka ukuta ulio nyuma yako. Wufa ikiwa mita 1 kutoka ukuta ulio nyuma yake, mwangwi wa ukuta unaifuta Hz 86, na hapo ndipo besi inapokosa kishindo. Jaribu sentimita 20 au 30. Besi itaongezeka, na spika ndogo inaihitaji.

Trei za mayai ukutani waachie wenye studio za mtaani. Hazimezi besi hata kidogo, na zinashika moto upesi. Zulia nene juu ya vigae na pazia zito vinatuliza sauti za juu. Kwenye besi, ni pamba ya mawe yenye unene wa sentimita 10 au zaidi, iliyowekwa kwenye kona, ndiyo inayoonyesha tofauti. Sehemu ya kuweka pazia unaipata kwa kioo: mwenzako akitembeze kwenye ukuta wa pembeni, na pale utakapoiona spika ukiwa kitini, sauti nayo inagonga hapo.

Kabla ya kulipa, omba kuzipeleka nyumbani kwa siku mbili. Piga wimbo ambao besi inashuka noti moja moja, rumba au taarabu yenye kontrabasi. Noti moja ikivimba, sogeza kiti sentimita 20, kisha spika. Ikiendelea kuvimba baada ya hapo, rudisha dukani na uombe ndogo zaidi.