Namba za HPV Zina Maana Gani? Maswali na Majibu

Majibu yangu yameandikwa "HPV 52". Je, ni mbaya kuliko HPV 16 kwa kuwa namba yake ni kubwa?

Hapana. HPV (human papillomavirus) ni kirusi chenye aina nyingi, na namba hizo hazipimi ukali wake, bali hufuata zamu ya kugunduliwa kwa kila aina. HPV 16, iliyotambuliwa mwaka 1983 na kundi la mtafiti Harald zur Hausen nchini Ujerumani, ndiyo ya kuogopwa zaidi: yenyewe na HPV 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Aina ya 6 na ya 11, kwa upande wao, huleta takriban asilimia 90 ya masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, lakini ni nadra mno kuzaa saratani.

Wataalamu huzitenganishaje aina hizo?

Bakteria wengi huoteshwa maabara wakatambulika kwa tabia zao, ila HPV haioti kwa njia hizo za kawaida, hivyo hutambuliwa kwa vinasaba vyake. Kipimo ni jeni iitwayo L1, yenye maelekezo ya kujenga ganda la kirusi: ikitofautiana kwa angalau asilimia 10 na ya aina zote zinazojulikana, hiyo huhesabiwa kuwa aina mpya. Kwa utaratibu huo zimepatikana aina zaidi ya 200, na takriban 40 kati yake huambukiza sehemu za siri. Aina ya 52 uliyokutwa nayo ni ndugu wa karibu wa 16, pamoja na 31, 33, 35 na 58, ilhali 45 iko upande wa 18.

Undugu, hata hivyo, si hukumu. Aina huwekwa katika kundi hatarishi kutokana na ushahidi kwamba husababisha saratani kwa watu, na ya 52 imo katika kundi hilo.

Sampuli huchukuliwaje?

Mhudumu huzungusha kibrashi laini kwenye mlango wa kizazi, kisha hukitia katika kichupa chenye kimiminika. Mara nyingine mwanamke hujichukulia mwenyewe ukeni kwa kijiti cha pamba. Maabara huzidisha vinasaba vya kirusi hadi viweze kusomwa. Mashine nyingi hutaja 16 na 18 kwa namba na kuzijumuisha zilizobaki kama "aina nyingine hatarishi", kwa hiyo majibu ya namna hiyo hayana kasoro. Masundosundo kwa kawaida hutambuliwa kwa macho tu, na kutafuta namba yake ni gharama isiyobadilisha tiba.

Mtu anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja?

Ndiyo, na hutokea mara nyingi.

Kukutwa na aina hatarishi ni kuwa na saratani?

Sivyo. Maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili hivi. Hatari iko kwa kirusi cha aina ileile kinachong'ang'ania mwilini miaka mingi, kwa sababu protini zake E6 na E7 huzima walinzi wa seli wanaozuia kugawanyika ovyo. Ndiyo maana aliyekutwa na 16 au 18 huitwa mapema kukaguliwa mlango wa kizazi kwa darubini maalumu.