Wasifu wa mstaafu huandikwa kutokana na kazi yake

Miongoni mwa majukumu yangu katika utawala wa rasilimali watu ni kuandaa wasifu unaosomwa mtumishi wa umma anapoagwa baada ya kutimiza umri wa kustaafu. Rasimu nyingi zinazonifikia kutoka idarani humtaja mhusika kuwa mchapakazi, mwadilifu na mwenye ushirikiano mzuri. Huenda yote ni kweli, lakini ukifuta jina lake ukaweka la mwenzake, hakuna msikilizaji atakayegundua, na mtu aliyeitumikia serikali kwa miaka 30 au zaidi anastahili maneno yasiyoweza kuhamishiwa kwa mwingine.

Ndiyo maana huanzia masijala. Jalada binafsi hunipa barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za uhamisho na za kupandishwa cheo, lakini hazina kubwa zaidi imo katika majalada ya kazi, kwenye madokezo aliyoyaandika kwa mkono wake. Nilipokuwa nikiandaa wasifu wa karani mmoja wa ardhi nilikuta dokezo alilopendekeza kwamba majalada ya viwanja yapangwe kwa namba ya kiwanja badala ya tarehe ya kupokelewa, na pembeni mkuu wake wa wakati huo ameandika kwa wino mwekundu, "Nakubali, itekelezwe." Mpangilio huo ndio unaotumika mpaka leo, na watumishi vijana wanaoutumia kila siku hawakuwa wakijua ulitoka kwa nani. Dokezo hilo nililisoma lote katika hafla, neno kwa neno.

Baada ya majalada huwauliza watu, na siishii kwa wakuu wa idara. Dereva, mhudumu wa ofisi na mlinzi wa lango wanajua ni nani aliyebaki kumsikiliza mwananchi saa za kazi zilipokwisha.

Nchi nyingine zimeiweka heshima hii katika kumbukumbu rasmi. Mwaka 1902 Mfalme Edward VII wa Uingereza alianzisha nishani iitwayo Imperial Service Medal, ambayo hutolewa kwa watumishi wa serikali wa kada za chini wanapostaafu wakiwa na utumishi wa angalau miaka 25, na majina yao huchapishwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali. Nchini Marekani, mbunge anaweza kuingiza salamu za pongezi kwa mstaafu katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Mimi huthamini maandishi hayo kuliko nishani yenyewe, kwa kuwa mjukuu au mtafiti anaweza kuyapata miaka mingi baadaye. Kwa sababu hiyo hushauri kila ofisi imkabidhi mstaafu nakala ya wasifu iliyosainiwa, na nyingine ihifadhiwe katika jalada lake.

Hata hivyo, hakuna wasifu unaoweza kufidia mafao yaliyochelewa. Tofauti ndogo ya tahajia ya jina au ya tarehe ya kuzaliwa kati ya nyaraka mbili inatosha kukwamisha pensheni, na anayeteseka ni yule yule tuliyempigia makofi. Uhakiki wa taarifa zake uanze mapema, akiwa bado kazini na akiwa na nafasi ya kusahihisha, na ninauhesabu kuwa sehemu ya kumheshimu sawa na hafla yenyewe. Vivyo hivyo makabidhiano ya ofisi: apewe muda wa kukaa na anayempokea na kumweleza yale ambayo hayakuandikwa popote.

Siku chache kabla ya hafla humpa mstaafu rasimu aipitie. Wengi hurekebisha tarehe moja au mbili, kisha huniomba niongeze majina ya wenzao waliofanya nao kazi ile ninayowasifia, nami huyaingiza yote hata kama usomaji utarefuka.