Ujerumani haikuvunjwa mwaka 1648

Utasikia mara nyingi kwamba Ujerumani ilikuwa dola moja, kisha Mkataba wa Westphalia wa 1648, uliomaliza Vita vya Miaka Thelathini, ukaivunja vipande vipande. Si kweli. Mkataba ule ulithibitisha tu mgawanyiko uliokuwa umekomaa kwa karne nyingi.

Kiini cha jambo ni kwamba mfalme wa Ujerumani alichaguliwa na watawala wa maeneo, na kura zina bei yake. Mwaka 1220 mfalme Frederick II alitaka mwanawe Henry achaguliwe kuwa mfalme. Akawapa maaskofu mamlaka juu ya ushuru na utengenezaji wa sarafu katika maeneo yao. Miaka kama kumi na moja baadaye watawala wengine nao wakapata haki za namna hiyo. Mwaka 1356 Kaizari Charles IV akaweka kisheria wapiga kura saba wa kumchagua mfalme, watatu wakiwa maaskofu wakuu, na maeneo yao yakalindwa yasigawanywe. Mtu wa namna hiyo ana sababu gani ya kutaka mfalme mwenye nguvu?

Ukifika mji wa Kaub, Ujerumani, katikati ya mto Rhine utaona ngome ya Pfalzgrafenstein. Ilijengwa kuanzia 1326 kwa ajili ya ushuru: mnyororo ulizuia mashua hadi nahodha alipe. Ushuru huo uliendelea kutozwa hadi miaka ya 1860! Mgawanyiko uliwalipa watawala wa maeneo hayo.

Ujerumani moja ilizaliwa 1871. Ile iliyokuja kuidai Tanganyika mwaka 1885 ilikuwa na umri wa miaka 14 tu.